Rovu, Chumvi na Maji ya Mlima Meru

Ukipita gulioni Tengeru, au ukisimama tu mbele ya meza za wachuuzi kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi pale Usa River, utaona vitu vitatu vyeupe vikiuzwa karibu karibu. Cha kwanza ni chumvi laini, iliyofungwa katika vifuko vyenye maandishi. Cha pili ni chumvi ya mawe, inayopimwa kwa kopo, isiyo na jina wala anwani ya aliyeitengeneza. Cha tatu ni magadi, ambayo hulainisha maharage na makande na kupunguza gharama ya kuni. Mama anayenunua kwa ajili ya chungu chake huviona vitu hivi kuwa ni ndugu wa tumbo moja, na bei ndiyo humwamulia achukue kipi.

Kwa mwili wa binadamu vitu hivyo havina udugu wowote. Katika kile cha kwanza mna madini ambayo yakikosekana wakati wa mimba, mtoto huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa asipone tena. Katika cha pili, madini hayo pengine yamo, pengine hayamo. Cha tatu hakiwezi kuyaleta, tena aghalabu kina madini mengine ambayo watu wa mlimani Meru wamekwisha kuyapata kwa wingi kupita kiasi katika maji yao. Makala yetu ya leo yanahusu jambo hilo. Tumeyaandika hasa kwa vijana wanaosomea uuguzi, kwani wengi wao huliogopa somo la tezi na homoni kuliko somo jingine lolote. Lakini baba na mama wa nyumbani nao wasiyaruke, maana wao ndio wanunuzi wa chumvi.

Yafaa kwanza tuelewane homoni ni kitu gani. Mwili wa mtu una njia mbili za kupelekeana habari. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo hufanya kazi upesi, kama unapougusa moto ukauondoa mkono kabla hujafikiri. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi: tezi fulani hutengeneza dawa kidogo sana na kuimwaga katika damu, nayo damu huichukua hadi kwenye kiungo kilicho mbali, kikapata amri yake. Dawa hiyo ndiyo homoni. Jina lenyewe si la kale. Lilianza kutumika mwaka 1905, alipolitamka mwanafiziolojia Mwingereza, Ernest Starling, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea. Kongosho hutoa insulini ili kuitawala sukari. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo hutoa homoni za kuutia mwili nguvu wakati wa taabu. Ovari na korodani zina zao. Ugonjwa wa sukari ndio mashuhuri kuliko yote ya jamii hii, nao unastahili makala yake peke yake, leo hatutaugusa.

Tezi tunayoikusudia ni thairoidi. Imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, umbo lake kama kipepeo aliyekunjua mbawa, na uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 15 hadi 25 tu. Kazi yake ni kuupa mwili mwendo. Ikitoa homoni kidogo, kila kitu hupungua kasi: moyo, tumbo, mawazo, hata kukua kwa nywele. Ikitoa nyingi, kila kitu huenda mbio. Na homoni hiyo haiwezi kutengenezwa bila iodini, kama vile ugali usivyoweza kusongwa bila unga. Iodini ndiyo hiyo ambayo katika matangazo yetu huitwa madini joto, jina ambalo limewapotosha watu wasiohesabika wakadhani kuwa ni chumvi ya kupasha mwili moto wakati wa baridi.

Sasa mwanafunzi wa uuguzi husoma kitabuni juu ya namna tezi hii inavyotawaliwa, akaona mishale inayopanda na kushuka, akakata tamaa. Na aiache michoro hiyo kwa muda, aende akatazame mfereji. Wakazi wa miteremko ya Meru wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu zama za mababu, na kila mfereji una msimamizi wake. Shamba likikauka, mwenye shamba hupeleka habari kwa msimamizi, naye huagiza maji yafunguliwe. Shamba likilowa vya kutosha, habari hupelekwa tena, na msimamizi huagiza maji yapunguzwe. Hapana mtu anayekaa mchana kutwa akipima maji kwa kikombe. Ni ukavu na unyevu wa shamba lenyewe unaomwendesha msimamizi.

Katika mwili, msimamizi ni tezi ndogo ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo, isiyozidi punje ya njegere kwa ukubwa. Juu yake yupo mkubwa wake, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Homoni ya thairoidi ikipungua katika damu, pituitari hutoa amri, nayo ni homoni ya kuichochea thairoidi, ambayo vyeti vya maabara huiandika kwa herufi tatu, TSH. Homoni ya thairoidi ikizidi, amri hupungua. Basi, mwanafunzi akiletewa cheti cha maabara na asahau mishale yote, ajiulize kama mtu wa Meru: Je, shamba ni kavu? Na je, msimamizi anapiga kelele? Shamba likiwa kavu na msimamizi anapiga kelele, yaani homoni ya thairoidi iko chini na TSH iko juu, kosa liko mferejini, katika thairoidi yenyewe. Shamba likiwa limefurika na msimamizi amenyamaza, mfereji umevunja kingo zake na haumtii mtu. Lakini shamba likiwa kavu na msimamizi naye yu kimya, usiulaumu mfereji. Mgonjwa ni msimamizi. Tutarudi kwa huyu wa tatu baadaye, maana ndiye asahauliwaye.

Sasa fikiria msimamizi anayepiga kelele wakati chemchemi yenyewe imekauka. Vibarua huongezwa, mfereji hupanuliwa, na maji hayaji. Hivyo ndivyo rovu linavyoota. Iodini haipo, pituitari huendelea kuamuru, thairoidi hujitahidi, chembe zake huongezeka na kuvimba, mpaka shingo ikajaa. Rovu, ambalo watu wa siku hizi huliita goita, kwa asili yake si jipu wala si kazi ya mtu mwenye kijicho. Ni tezi inayofanya kazi ya bure.

Chakula cha watu wa milimani ndicho kinachopungukiwa na iodini zaidi, kwa sababu mvua nyingi huiosha ardhi ya miteremko karne baada ya karne na kuyachukua madini hayo kuelekea baharini. Mmea unaoota katika udongo usio na iodini hautakuwa nayo, na ng'ombe anayekula majani hayo hali kadhalika. Katika Tanzania, habari za rovu kwa wingi zilitoka kwanza katika nyanda za juu za kusini; uchunguzi wa Ukinga ulitangazwa mwaka 1965. Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoanzishwa mwaka 1973, kazi hii ikawa miongoni mwa kazi zake kubwa. Katika miaka ya 1980 ilionekana kuwa katika wilaya zilizoathirika mno, wastani wa watoto wa shule 61 katika kila 100 walikuwa na rovu. Tafadhali itafakari hesabu hiyo. Katika darasa la watoto 40, ni zaidi ya 20.

Dawa ya haraka ilikuwa vidonge vya mafuta yenye iodini, ambavyo vilianza kugawiwa katika wilaya hizo mwaka 1986. Dawa ya kudumu ilikuwa chumvi, kwa kuwa tajiri na maskini wote hula chumvi, tena kwa kiasi kinachokaribiana. Uswisi na Marekani zilikuwa zimekwisha kuifuata njia hiyo tangu miaka ya 1920. Kanuni za kuitia iodini chumvi yote ya kula nchini ziliandikwa mwaka 1994 zikaanza kutumika mwaka 1995, zikawahusu watengenezaji wa pwani na wa Uvinza kule Kigoma sawasawa na wachotaji wadogo wa bara. Uchunguzi wa mwaka 1999 katika wilaya za zamani ulionyesha kuwa ile 61 imeshuka hadi 12. Mwaka 2004, kwa nchi nzima, ilikuwa chini ya watoto 7 katika 100. Ni nadra kuona kazi ya afya ya umma iliyofanikiwa namna hii kwa kitu cha bei ndogo kama chumvi, na kwa maoni ya mwandishi wa safu hii haijasifiwa inavyostahili. Hata hivyo kazi haijakwisha. Chumvi ya kopo bado inauzwa, na wachotaji wadogo wengi hawana mashine ya kuchanganyia wala mtu wa kuwapimia.

Kuna hadithi mbili za kweli ambazo kila muuguzi anayetaka kuelewa rovu yafaa azijue. Ya kwanza inatoka Idjwi, kisiwa kikubwa katika Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Wachunguzi walifika huko katika miaka ya 1960 wakaona ajabu: watu wa kaskazini ya kisiwa walikuwa na marovu makubwa, na wa kusini-magharibi walikuwa nayo machache, hali wote wawili walikosa iodini sawasawa. Tofauti ilipatikana chunguni. Muhogo, hasa ule mchungu usiolowekwa na kuanikwa barabara, una sumu ambayo mwili ukiigeuza hutoka kitu kinachoizuia thairoidi isiikamate hata ile iodini kidogo iliyopo. Kumbe chakula chaweza kukufunga mlango wa ghala tupu. Kabichi nayo ina kitu cha namna hiyo, lakini ni hafifu, na mama wa Meru anayelima kabichi asije akaitupa kwa sababu ya makala haya. Anayepata iodini ya kutosha na ale kabichi atakavyo.

Hadithi ya pili ni ya Zanzibar. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa watu wa visiwani hawawezi kupungukiwa na iodini, kwani bahari imewazunguka na samaki ndio kitoweo chao. Kanuni za chumvi za mwaka 1994 zilikuwa za Tanzania Bara. Watoto wa shule walipopimwa mwanzoni mwa karne hii, walionekana na rovu 21 katika kila 100 Unguja, na Pemba 32. Mtu amekaa ufukoni na anakosa kitu cha baharini! Chumvi iliyoanikwa juani kutoka katika maji ya bahari haina iodini ya kutosha, na samaki wanaofika katika sahani ya mtu wa kawaida si wengi kama tunavyodhani sisi wa bara.

Sasa turudi mlimani, kwa maana Meru una jambo lake. Mlima huu, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano, na mawe yake yana floraidi nyingi. Maji yanayopita ndani yake huitoa floraidi hiyo na kuishusha katika chemchemi na mito. Mto wa Maji ya Chai, karibu tu na Usa River, ni miongoni mwa ile ijulikanayo kwa wingi wa floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi wakati jino la mtoto linaumbika ndani ya ufizi, jino hutoka na madoa ya kahawia. Na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika na miguu ya watoto hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Katika nchi yetu, kwa kuwa maji ya namna hiyo hayakupatikana kwa urahisi, kipimo cha muda kwa vijiji kilikuwa miligramu 8, kikashushwa baadaye kuwa 4, na mwaka 2018 kikawa 1.5 kama cha dunia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuyachemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki palepale, ikawa nzito zaidi.

Watu wengi hulichanganya jambo hili na rovu, wakasema kuwa maji ya mlima ndiyo yanayovimbisha shingo. Si hivyo moja kwa moja. Meno ya kahawia yanatokana na floraidi kuzidi. Rovu linatokana, kwa sehemu kubwa, na iodini kupungua. Mlima huohuo unatunyima kimoja na kutuzidishia kingine. Ni kweli kwamba floraidi nyingi huigusa thairoidi. Huko Ulaya, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, waganga kadhaa waliitumia kuipooza tezi iliyozidi kasi. Na wachunguzi wa Afrika Kusini mwaka 1999 waliwakuta watoto wa shule wenye rovu mahali ambapo iodini haikukosekana, wakaanza kuyatilia shaka maji yenye floraidi. Mjadala huo haujafungwa. Lakini kwa mama wa Usa River neno moja liko wazi: magadi hayawezi kushika nafasi ya chumvi. Anayetia magadi mengi na chumvi kidogo anaiongeza floraidi ambayo hakuihitaji na kuipunguza iodini anayoihitaji.

Kwa nini tunashikilia hivi? Kwa sababu rovu lenyewe ni hasara ndogo. Wanawake wengi wameishi nalo hadi uzee, wakalivika ushanga. Hasara kubwa haionekani shingoni. Mtoto aliye tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza, hana thairoidi inayofanya kazi. Ubongo wake hujengwa kwa homoni ya mama. Mama akipungukiwa, ubongo ule hujengwa nusunusu. Mtoto huweza kuzaliwa bubu, kiziwi, mfupi mno na mwenye akili pungufu kabisa. Hao ni wachache. Walio wengi zaidi ni wale ambao hawana alama yoyote ila kwamba shuleni hawashiki somo, wakachapwa kwa kosa ambalo si lao. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mja mzito au anayenyonyesha 250. Ni chembe ndogo ajabu: iodini ya umri mzima wa mtu haijazi kijiko cha chai. Na kwa kuwa wanawake wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, ushauri wa chumvi unaotolewa kliniki peke yake huwa umechelewa. Hauna budi kutolewa kwa wasichana kabla hawajaolewa.

Wapo pia watoto wanaozaliwa bila thairoidi kabisa, au nayo ikiwa haifanyi kazi, hata kama mama alikula chumvi iliyo bora. Katika nchi tajiri kila mtoto mchanga hutobolewa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, na tone la damu hupimwa. Kwetu kipimo hicho hakijawa desturi ya kila wodi ya wazazi, kwa hiyo macho ya muuguzi ndiyo kipimo. Ewe mwanafunzi, ukisikia mama akisifu kuwa mwanawe ni mpole, halii, analala tu, hata kunyonya mpaka aamshwe, usifurahi naye upesi. Tazama kama macho na ngozi vimebaki vya manjano baada ya wiki mbili. Tazama ulimi kama ni mkubwa na unatokeza nje. Tazama kitovu kama kimetuna. Uliza anapata choo mara ngapi. Sikiliza sauti ya kilio kama ni nzito na yenye mikwaruzo. Mtoto huyo akianza kupewa kidonge chake kabla wiki mbili hazijapita, kwa kawaida hukua kama wenzake. Akianza baada ya miezi kadhaa, kuna kitu amekwisha kukipoteza.

Kwa mtu mzima, kupungukiwa na homoni ya thairoidi kunakuja polepole hata mwenyewe asijue. Mwanamke huchoka, husikia baridi hali wenzake wamevua sweta, hunenepa ingawa hali sana, hupata choo kigumu, ngozi humkauka, nywele humtoka, hedhi huwa nyingi, uso huvimba, sauti huwa nzito. Jirani husema amekuwa mvivu. Mume husema amebadilika. Kwamba anasikia baridi mwezi wa Julai katika miteremko ya Meru si dalili, sote tunatetemeka. Lakini akijitanda blanketi mwezi wa Februari, mpeleke akapimwe.

Kinyume chake ndicho kinachotutia huzuni zaidi. Thairoidi ikizidi kasi, mtu hula sana na kukonda, hutoka jasho, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi, hapati usingizi, huharisha, na pengine macho humtoka. Katika jamii yetu mtu anayekonda upesi amekwisha kuhukumiwa na majirani kabla hajafika hospitali. Wengine hujificha ndani kwa kuogopa jibu la kipimo cha UKIMWI, na moyo ukachoka na kushindwa kazi wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa na vidonge vyake. Apimwe vyote viwili. Na yafaa muuguzi ajue kuwa hata iodini, ikiletwa kwa ghafla mahali ilipokosekana muda mrefu, huweza kuamsha hali hii kwa wazee wenye marovu ya mafundomafundo. Ilionekana Zimbabwe na Kivu katika miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ilipoenea. Hiyo si sababu ya kuikataa chumvi. Ni sababu ya kumsikiliza mzee anayelalamika kuwa moyo unamdunda.

Kumpima mtu shingo hakuhitaji chombo, ila adabu. Msalimu kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, naomba uketi hapa penye mwanga, nikutazame shingo. Hakuna kitu kitakachokuuma. Chukua maji haya, ukiambiwa umeze, umeze funda moja."

Thairoidi imeshikamana na koo, kwa hiyo mtu akimeza hupanda nalo. Uvimbe usiopanda huenda ni kitu kingine. Papasa kwa vidole pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi kipande cha mwisho cha kidole gumba cha mtu huyohuyo anayepimwa, si chako wewe, hilo ni rovu. Likishikika bila kuonekana shingo ikiwa imenyooka, ni daraja la kwanza. Likionekana, ni la pili. Fundo moja gumu linalokua upesi, au sauti iliyoanza kukauka, au kumeza kwa shida, ni mambo ya kupeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Na yule msimamizi aliyenyamaza? Mwaka 1937 mganga Harold Sheehan aliandika juu ya wanawake waliotoka damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Pituitari hukua wakati wa mimba na kuhitaji damu zaidi. Damu ya mama ikimwagika ghafla, tezi hiyo hufa, yote au sehemu. Mama anaokolewa, anarudi nyumbani, watu wanashangilia. Lakini maziwa hayatoki. Hedhi hairudi. Nywele za makwapani na za siri hupukutika, ngozi hupauka, nguvu hazipo, shinikizo la damu huwa chini. Miaka hupita, naye huitwa tasa, au hupelekwa kutafutiwa aliyemroga. Maabara ikipima TSH peke yake yaweza kusema kuwa hana neno, kwa sababu msimamizi aliyekufa hapigi kelele. Katika nchi ambayo kina mama bado wanatoka damu majumbani na njiani, ugonjwa huu si hadithi ya vitabuni tu. Maswali mawili hutosha kuuamsha katika akili ya muuguzi: Ulipojifungua mara ya mwisho, ulitokwa na damu ukazimia, au ukaongezewa damu? Na maziwa yalitoka? Tena mama huyu asianzishiwe kidonge cha thairoidi kabla ya kupewa homoni ya tezi za juu ya figo, maana kumwongezea mwendo mtu asiye na akiba ya nguvu huweza kumwua.

Kwa waliokwisha kuandikiwa dawa, tuna maneno machache. Kidonge cha homoni ya thairoidi humezwa alfajiri kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula. Chai ya maziwa na kidonge cha kuongeza damu huizuia dawa hiyo isiingie mwilini, kwa hiyo kile cha damu kikae mbali nacho kwa saa nne. Anayetumia dawa ya kuipunguza kasi thairoidi, akipata homa na koo kuuma, aiache dawa na aende hospitali bila kungoja, kwa maana dawa hizo mara chache huziua chembe nyeupe za damu. Aliyepasuliwa rovu hutazamwa pumzi, sauti na bandeji yake usiku kucha. Akisema midomo na ncha za vidole vinamwasha kama vilivyokufa ganzi, huenda tezi ndogo nne zinazotawala kalsiamu zimejeruhiwa, na daktari aitwe mara moja.

Chumvi nayo ina matunzo yake. Jua, unyevu na moto huifukuza iodini. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na mafiga, na itiwe chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Na mwanamke anayetumia kidonge cha thairoidi akijua kuwa ameshika mimba, asikiache hata siku moja kwa kuhofia kumdhuru mtoto. Mahitaji yake huongezeka tangu wiki za kwanza, aghalabu kwa robo au zaidi, kwa hiyo na aende kliniki wiki ileile hedhi ilipokosekana, akiwa na cheti chake cha mwisho mkononi.